Umestawi, Mama

Saa moja asubuhi ya Jumamosi, maua yote yaliyokuwa kwenye mwaridi wa nyumba ile yalikuwa meupe, na mwenye nyumba alikuwa kibarazani akiyasifu kwa wekundu wake.

"Naona yamewaka leo," alisema mama mkwe, uso ameuelekeza upande wa uzio. "Au siyo, mkwe wangu?"

Mfamasia alikuwa amesimama nyuma yake akifunga vifungo vya koti la kazini. Aliutazama mwaridi. Ulikuwa umepanda uzio, umeupita, na sasa ulikuwa unachungulia kwa jirani. Vijiua vyake vilikuwa vidogo, vyeupe kama pamba ya kusafishia vidonda.

"Umestawi, mama," alijibu.

Jibu hilo lilikuwa la kweli. Alikuwa akilitoa kwa miaka mitatu, na haikutokea hata siku moja likakosa kuwa la kweli.

Mwaridi huo aliupanda marehemu baba mkwe mwaka aliostaafu. Alikuwa fundi saa, na aliutunza kama saa ya mteja mkorofi: kila tawi mahali pake, hakuna kinachozidi wala kinachopungua. Maua yake yalikuwa mekundu ya kukolea, na harufu yake ilifika hadi jikoni. Alipofariki, watoto wake watatu walilia sana, wakaapa mbele ya jeneza kwamba wataulinda mwaridi wa baba, kisha kila mmoja akashika hamsini zake. Kuapa hakuchoshi. Kumwagilia ndiko kunakochosha. Mkasi wake wa kupogolea, mjane aliuweka ndani ya sanduku la nguo, akalifunga, na ufunguo akauvaa shingoni. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Hivyo mkasi ukatunzwa vizuri sana, na mwaridi ukaachwa ujipogolee wenyewe.

Baadaye mtoto wa jicho alimwingia mama macho yote mawili, taratibu, kama mgeni anayejua hatafukuzwa. Bustani ikabaki ukungu wa rangi ya chai. Siku alipouliza kwa mara ya kwanza kama mwaridi umechanua, aliyekuwa karibu ni mwanawe wa kwanza, ambaye ukoo mzima humwita Mwenyekiti kwa sababu hawezi kuomba chumvi mezani bila kufungua kikao. Mwenyekiti aliinua macho kutoka kwenye simu, akaona meupe, akasema:

"Mekundu, mama. Mekundu kama damu."

Basi. Dada yake alipoulizwa naye alisema mekundu, kwani asingeweza kumwumbua kaka. Kitinda mimba, mume wa mfamasia, alisema mekundu kwa sababu wawili walishasema. Ndivyo heshima inavyofanya kazi katika nyumba zenye malezi mema: anayekosea kwanza ndiye anayefuatwa.

Mama, kwa furaha, akaomba ua moja liwekwe mezani kila wiki. Likawekwa. Mume wa mfamasia alilinunua kwa muuza maua wa kwenye lango la hospitali, likiwa limevikwa nailoni, na alilivua nailoni hiyo kwenye gari kabla ya kuingia ndani. Mama alilishika, akalisogeza karibu na jicho hadi akaona wekundu, kisha puani.

"Halinuki siku hizi," alisema.

"Ni mafua, mama," alisema Wifi, yule binti.

Mama akawa na mafua kwa miaka mitatu. Mfamasia aliagizwa kuleta dawa. Alileta matone ya maji ya chumvi, ambayo hayamponyi mtu wala hayamdhuru, na ndiyo dawa pekee aliyowahi kuitoa kwa ugonjwa usiokuwepo.

Mchana wa Jumamosi hiyohiyo, daktari wa macho alisema mama atapasuliwa jicho moja kwanza, la kulia, na kwamba ataona. Ataona vizuri. Ataona hata rangi, alisisitiza daktari, ambaye hakujua anachokisema. Kundi la familia kwenye simu lilijaa shukrani na picha za maua. Mtu mmoja alituma mawaridi mekundu. Wengine waliyatazama, wakafikiri, na kundi likanyamaza hadi usiku.

Siku ya pili Mwenyekiti aliitisha kikao sebuleni. Mama alikuwa ameshapelekwa kwa Wifi, karibu na hospitali, na angekaa huko wiki saba hadi daktari aridhike.

"Wajumbe," alianza.

"Sisi siyo wajumbe, kaka, ni ndugu zako," alisema Wifi.

"Wajumbe ndugu. Ajenda ni moja. Mama ataona."

"Mungu ashukuriwe," alisema mume wa mfamasia.

"Ashukuriwe, ndiyo. Lakini ataona."

Wakautafakari wema wa Mungu na ubaya wa wakati wake.

"Tung'oe huu, tupande mwekundu," alipendekeza mume wa mfamasia.

"Mama ataupapasa shina. Lile shina ni nene kama mguu wa meza, wewe utaleta kijiti." Wifi alijiweka sawa kwenye kochi. "Mimi naona tumwambie umezeeka. Nywele za mtu zinageuka nyeupe, kwa nini maua yasigeuke?"

Pendekezo hilo lilijadiliwa kwa uzito uliomshangaza mfamasia. Lilikataliwa kwa hoja moja tu, kwamba mama angeona ni yeye anayesemwa.

"Kuna njia ya tatu," alisema Mwenyekiti, akakohoa kidogo. "Tutasema shemeji aliuwekea dawa."

"Nani?" aliuliza mfamasia.

"Wewe, shemeji. Wewe si mtu wa dawa? Uliupulizia kwa nia njema kabisa, hilo tutalisisitiza, rangi ikatoka."

"Rangi ya ua haitoki kwa dawa, shemeji. Ua siyo shuka."

"Mama hajui hilo. Halafu tuseme ukweli, tuko wenyewe hapa: wewe huna cha kupoteza. Mama hakukupenda sana tangu mwanzo."

"Hajamzoea," mume wake alirekebisha. Huo ndio ulikuwa utetezi wote, na aliutoa akiwa anatazama zulia.

"Tuna miaka tisa katika nyumba moja," alisema mfamasia.

"Wengine huchukua muda," alisema Wifi kwa upole.

Wakapiga kura. Mikono mitatu iliinuka, wa mume wake ukiwa wa mwisho na wa chini kuliko yote. Mfamasia hakuulizwa, kwa kuwa mtuhumiwa hapigi kura.

Alilipima jambo hilo kama anavyopima kila kitu. Wale wawili, mambo yakiharibika, wangerudi makwao. Yeye angebaki chini ya paa moja na mjane, akiwa ndiye aliyeua mwaridi wa marehemu, na mama mkwe alikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko macho. Angeweza kusema ukweli mapema. Lakini mtu anayesubiri kisu jichoni hapigiwi simu kuambiwa kwamba wanawe watatu ni waongo. Na zaidi ya hapo, ukweli huo ungefuatwa na swali la wewe je, ulikuwa wapi. Ilibaki njia moja: mwaridi utoe ua jekundu kabla mama hajarudi.

Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, alipiga magoti chini ya mwaridi, akafukua udongo kwa vidole. Alichokitafuta alikipata: kinundu, kikubwa kama ngumi, pale shina linapotoka ardhini. Mwaridi wa namna ile ni miti miwili iliyobebeshana. Chini ni mizizi ya waridi pori, lenye nguvu na lisilo na adabu. Juu ya kinundu ni waridi la kupendeza, lililounganishwa hapo na mkulima. Usipopogolea, pori hutoa machipukizi yake chini ya kinundu, hula chakula chote, na mwenzake wa juu hufa njaa huku watu wakisifu jinsi mti ulivyostawi. Mfamasia alilijua hilo kwa kulisoma usiku wa kuamkia siku hiyo. Yeye ni mtu anayesoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa hadi mstari wa mwisho. Angeweza kulisoma miaka mitatu kabla. Hakulisoma, kwa sababu mti haukuwa wake na hakuna aliyemwomba.

Juu ya kinundu, kati ya matawi makavu, palikuwa na tawi moja, jembamba kama penseli, lenye majani ya kuhesabika. Alilikwaruza gome kwa ukucha. Ndani lilikuwa kijani.

Mkasi wa kupogolea ulikuwa sandukuni na ufunguo ulikuwa shingoni mwa mama, kwa Wifi. Alichukua mkasi wa kukatia bandeji kutoka kwenye boksi la huduma ya kwanza, akavaa glavu mbilimbili, akaanza kwa kuyakata matawi makavu. Machipukizi ya pori hayakatwi tu. Ukiyakata yanarudi na ndugu zake. Yananyofolewa pale yanapoanzia. Aliyanyofoa asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na wagonjwa waliofika dirishani kwake kuchukua dawa walitazama mikwaruzo mikononi mwake, wakamwuliza kama nyumbani ana paka.

Wifi alikuja kuchukua nguo za mama, akakuta uzio uko wazi na majirani wanaonekana.

"Wifi! Umefanya nini? Mti ulikuwa mzima!"

"Uliokuwa mzima ni mwingine, wifi. Wa baba ni huu hapa."

Wifi aliinama, akatafuta. "Upi? Hiki?"

"Hicho."

"Umeua nyati ukaacha mbuzi! Tena mbuzi mwenyewe anaumwa!" Akatoa simu. "Hebu tazama huyu mama. Yeye hakati. Yeye anayaimbia mawaridi yake, na anayazikia maganda ya ndizi. Tazama yalivyo."

Mfamasia alitazama. Mama wa kwenye simu aliimba vizuri, na nyuma yake alionekana mtunza bustani mwenye mkasi mkubwa.

Wifi alizika maganda ya ndizi. Usiku huo panya walikuja kuyafukua, na pamoja na maganda wakafukua mizizi. Mfamasia aliirudishia udongo, akaweka matandazo ya majani makavu, akaegemeza wavu wa dirisha kuukuu kuzunguka shina. Wifi alipopiga simu kuuliza maganda yanaendeleaje, alimwambia yamekwisha yote. Wifi alifurahi sana.

Halafu akaja Mwenyekiti, ambaye hakuja kuimba. Mfamasia alirudi kutoka kazini akakuta chembechembe nyeupe zimelundikwa kwenye kinundu na kopo tupu la mbolea limetupwa kando.

"Umeweka kiasi gani, shemeji?"

"Lote. Muda hautoshi."

"Kopo linasema kijiko kimoja."

"Kijiko ni kwa wenye haraka ndogo."

"Ukiandikiwa kidonge kimoja, unameza chupa?"

"Inategemea naumwa kiasi gani," alisema Mwenyekiti, na hakuwa anatania.

Mfamasia alizichota chembechembe kwa mkono, kisha akamwagilia ndoo baada ya ndoo hadi udongo ukawa tope na tope likawa maji. Hata hivyo, siku chache baadaye kingo za majani zilikuwa za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Majani mawili yakaanguka. Mume wake alisimama naye bustanini jioni hiyo, mikono mfukoni.

"Utapona?" aliuliza.

"Sijui."

"Sema utapona, basi."

"Familia yenu mnapenda sana kuambiwa."

Mume wake aliingia ndani. Lakini kesho yake ndoo ya maji ilikuwa imejazwa na kuwekwa karibu na mwaridi, na aliyeijaza alikuwa ameshaondoka kwenda kazini bila kuitangaza. Kwa mtu wa ukoo ule, huo ulikuwa ushujaa.

Tawi lilisimama hivyo muda mrefu, halifi wala haliendelei. Kisha chini ya jani la pili likatokea chipukizi lenye rangi ya kutu, juu ya kinundu, mahali pake halali. Likarefuka. Wiki ambayo mama angerudi, kwenye ncha yake palikuwa na tumba moja, gumu, kijani tupu. Rangi haikuonekana.

"Jekundu hilo," alisema mume wake.

"Bado halijasema," alijibu mfamasia.

Mama alirudi Jumamosi. Mfamasia alikuwa na zamu ya asubuhi. Aliposhuka kwenye teksi mchana na kufungua geti, aliona mwaridi umejaa maua mekundu, makubwa, mazito, yaliyofunguka kwa kiasi kinachofanana. Kwa sekunde chache, mtu aliyesomea kemia aliamini muujiza. Kisha akaona uzi.

Mwenyekiti alikuwa pembeni anajifuta mikono kwa leso.

"Umeona? Huo ndio uongozi."

"Umeyafunga kwa uzi, shemeji."

"Uzi wa kijani. Nimefikiria kila kitu."

"Na tumba?"

"Tumba gani?"

Alikuwa amelifunika kabisa kwa ua la dukani. Mfamasia alipeleka mkono kulifungua, na gari la Wifi likapiga honi getini.

Mama alishuka akiwa na miwani myeusi. Alisimama kibarazani, akaivua. Kwanza aliwatazama wanawe, mmoja mmoja, kwa lile jicho jipya.

"Umenenepa," alimwambia Mwenyekiti. Kwa kitinda mimba: "Mvi hizo umezianza lini?" Akamtazama mfamasia muda mrefu kuliko wote.

Kisha akashuka ngazi bila kushikwa mkono, akaenda kwenye uzio. Wote wakamfuata kama wanaosindikiza mgeni rasmi.

"Maua mazuri," alisema.

"Mekundu, mama," alisema Mwenyekiti. "Mekundu kama damu."

"Naona. Sasa naona."

Akashika moja, akalivuta. Lilikuja lote, na kikonyo chake kirefu kilichokatwa mshazari, na inchi kadhaa za uzi wa kijani. Aliligeuza.

"Mti wa baba yenu umejifunza kunyoa miiba," alisema. "Na kushona."

Hakuna aliyecheka, ingawa lilistahili. Alivuta la pili, la tatu, akawa anampa Mwenyekiti moja baada ya jingine, hadi Mwenyekiti akawa amekumbatia shada kubwa kama bwana harusi aliyekimbiwa. Kwenye mwaridi vikabaki vilivyokuwepo: kinundu, tawi, chipukizi moja, tumba moja.

"Haya. Nani anaanza?"

"Mama, ilikuwa hivi," alisema Mwenyekiti kutoka nyuma ya maua. "Shemeji, kwa nia njema kabisa, aliuwekea dawa—"

"Tulipiga kura," alisema mume wa mfamasia.

Haikujulikana kama alitaka kusaidia, wala alitaka kumsaidia nani. Lakini lilishatoka.

"Mlipiga kura," alisema mama. Aliwaacha, akamgeukia mfamasia. "Mkwe. Dawa gani?"

"Sikuweka dawa, mama. Nilinyofoa machipukizi ya pori. Maua yalikuwa meupe. Yamekuwa meupe miaka mitatu."

Jirani alikuwa anafua; maji yalisikika yakimwagwa upande wa pili wa uzio.

"Na lile la mezani?"

"La muuza maua wa hospitali."

"Kwa hiyo sikuwa na mafua."

"Hukuwa nayo, mama. Yale matone yalikuwa maji ya chumvi."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Miaka mitatu nilikuwa nakuuliza kila asubuhi. Wewe ulikuwa unanijibu nini?"

"Umestawi."

"Na ulikuwa umestawi?"

"Pori lilikuwa limestawi."

"Basi hawa walinidanganya tu. Wewe ulinidanganya kwa usahihi."

Mfamasia alitafuta kosa katika sentensi hiyo, hakuliona.

"Ndiyo, mama," alisema.

Mama aliinama, akaupitisha mkono kwenye shina. Alilikuta tumba, akalishika kwa vidole viwili bila kulibana. Halafu akagusa mahali tawi kavu lilipoondolewa.

"Na hapa ulikata na nini? Meno?"

"Mkasi wa bandeji."

"Inaonekana." Akanyoosha mgongo, akaingiza mkono shingoni, akaivua kamba. Wifi na Mwenyekiti walisogea mbele kwa pamoja; maua yakamdondoka Mwenyekiti miguuni. Ufunguo ukapita katikati yao. "Sanduku liko chini ya kitanda changu. Mkasi umezungushiwa taulo. Mkwe, kaulete."

Mfamasia aliuleta. Mama alimwonyesha mara moja tu, mkono wake juu ya wa mkwewe: juu kidogo ya chipukizi, kwa mshazari, kwa pigo moja, usitafune. Walirudia kila jeraha la mkasi wa bandeji hadi likawa safi. Wanawe watatu walisimama na kutazama, wakiwa na mengi ya kusema na pa kuyasemea wakiwa hawana.

Jioni Wifi alikumbusha kwamba daktari anasubiri tarehe ya jicho la pili.

"Asubiri kwanza," alisema mama. "Hili moja limeona ya kutosha kwa leo."

Mkasi haukurudi sandukuni. Ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, usawa wa mkono wa mfamasia.

Jumanne asubuhi, muda mfupi baada ya saa moja, tumba lilikuwa limefunguka. Lilikuwa jekundu. Mfamasia alimwita mama mkwe wake, akamwambia rangi kabla hajaulizwa. Mama alishuka ngazi, akainama, akalinusa mara mbili, akasema mafua yake yamepona.